Zile Posti Tatu za Mwadime

Doha, siku yangu ya mapumziko

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao Nekesa. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama goti lako litalalamika kabla yako. Ile dawa ya kuchua niliyotuma inasaidia, au ulishampa mtu mwingine kama kawaida yako? Na Baba, kikohozi chake kimeisha? Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku limeanza kushuka na sasa tunaweza kutembea hadi dukani bila kufika tumelowa jasho. Chakula ni wali, na kesho wali tena. Wiki hii nimeota sukuma wiki mara mbili, wala sioni aibu kusema.

Utauliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Mama, tuseme ukweli. Kila Ijumaa nikikupigia tunaongea vizuri kabisa, habari za kanisa, za kuku, za mvua. Lakini nikitaja Mama Mkawasi tu, mtandao wa Voi unaharibika ghafla. "Nekesa, sikusikii, laini inakatika." Na inakatika kweli, kwa kidole chako mwenyewe. Barua haikatiki. Anayekuletea ni Wakesho, mwenzangu wa chumba, binti wa Kitaita aliyekulia Mahoo. Anaenda likizo, na atashuka Voi kukusalimu kabla ya kuendelea Taveta. Mpe chai, na usimwache aondoke bila kula, kwa sababu yeye ndiye aliyenifungua macho.

Kazi bado ni ile ya londri ya hoteli. Nimesogezwa mbele kidogo: sasa nakagua shuka zikitoka kwenye pasi kubwa kabla hazijarudi vyumbani. Miguu inauma ikifika jioni, lakini mgongo umepona tangu nilipoacha kusukuma vikapu.

Sasa niingie kwenye neno lenyewe. Mdogo wangu Nafula ameniambia yote, usimgombeze, nilimlazimisha. Anasema kati ya meza yako na ya Mama Mkawasi kumewekwa gunia. Anasema ukitoka kidogo unafunika omena kwa leso, kwa sababu hakuna wa kukuuzia. Nilipoyasikia hayo nilikaa chini katikati ya shuka. Tangu niko darasa la tatu ninyi wawili mnauza pamoja, wewe omena, yeye mboga na parachichi za kwao Wusi. Ukienda kuona daktari yeye anauza vya kwako, akienda mkutano wa akina mama wewe unauza vya kwake, na sijawahi kusikia mkiulizana chochote. Gunia hilo nimeliweka mimi, Mama, nikiwa huku huku Doha.

Wewe hukuwahi kuingia kwenye kile kibaraza chetu cha mtandaoni, hiyo simu yako ndogo ya mulika mwizi haikuruhusu, kwa hivyo nikueleze tangu mwanzo. Tulikianzisha watu watatu nikiwa bado nyumbani. Watu wanaandika maji yatafunguliwa lini, ndovu wameingia shamba la nani, kitambulisho cha nani kimeokotwa stendi. Kikakua hadi kikawa na watu wengi kuliko soko la Voi siku ya kufurika. Halafu ukaja msimu wa kura, watu wakaanza kutukanana kwa lugha za nyumbani ili wengine wasielewe. Tukaweka sheria: kila mtu aandike Kiswahili au Kiingereza, kingine kinafutwa. Wenzangu wawili wakachoka wakaacha. Nikabaki mimi peke yangu na kidole cha kufuta.

Siku ile Mwadime, ndugu yake Mama Mkawasi, aliandika posti ndefu kwa Kidawida, Kitaita cha kwao. Unajua Kidawida changu kinaishia kwenye salamu. Kule kambini kwenye mkonge tulikua na Kiswahili na Kibukusu basi. Nikaifuta. Akaiandika tena, nikafuta tena. Mara ya tatu aliandika kwa herufi kubwa tupu, nikasema huyu sasa ananitukana. Nikafuta, na yeye mwenyewe nikamfungia nje. Nilikuwa na zamu, nikaenda kazini na roho yangu safi.

Alikuwa anamtafuta mama yake, yule tunayemwita Nyanya. Nyanya alikuwa ameteremka naye kutoka Wusi kwenda kliniki, Mwadime akageuka kununua dawa, akirudi Nyanya hayupo. Akili ya Nyanya siku hizi inarudi nyuma. Alipanda gari la Taveta akijua anaenda soko la Njukini, kama alivyokuwa akienda zamani na maharagwe yake. Mwadime aliandika Kidawida makusudi. Aliogopa matapeli wale wanaopiga simu na kusema wamempata mtu wako. Tena Nyanya hazungumzi lugha nyingine, na alitaka atakayeisoma awe mtu anayeweza kumsemesha.

Na kuna mama mmoja Mtaita, mwuza maharagwe hapo Njukini, aliyeiona ile ya kwanza. Alikuwa amemwona Nyanya ameketi kando ya magunia ya mahindi. Akasoma, akaenda kumtazama vizuri, akarudi kwenye simu achukue namba ya Mwadime. Posti haipo. Mama yule akaona basi, ameshapatikana, watu wake wako njiani. Hata mimi ningeona hivyo. Akafunga biashara akaenda nyumbani. Nyanya akalala pale sokoni chini ya kibaraza cha duka, na mvua ikanyesha. Asubuhi mama yule alipomkuta bado yupo, alianza kuuliza watu hadi akampata mtu wa Wusi. Nyanya alilazwa wiki nzima, kifua kimebana.

Wewe ulinipigia ukaniuliza, "Nekesa, watu wanasema umefuta. Umefanya nini?" Nikakujibu kwamba nilifuata sheria. Ukaniamini, na ukaenda sokoni ukasema mbele ya kila mtu, "Mwanangu alifuata sheria." Mama Mkawasi akakuuliza, "Sheria ya nani, Mama Nekesa?" Ukakasirika. Ndivyo mlivyoachana.

Mama, nilikudanganya. Wiki ile ile Mjomba Wanjala alikuwa ameandika Kibukusu kirefu, mistari kumi na zaidi, kumpongeza kijana wake kwa kuoa. Sikuifuta. Nilicheka, nikaweka moyo mwekundu chini yake. Sikuona kama nimevunja sheria, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ya Mjomba niliielewa, nikaona haina ubaya, nikaiacha. Ya Mwadime sikuielewa, nikaona ina ubaya. Na hakuna aliyejua, kwa sababu nikifuta hapabaki kitu, ni kama mtu hakusema. Mwadime alipoweka posti zake tatu, alizobaki nazo simuni, na ile ya Mjomba kwenye picha moja akaisambaza, watu wakasema watu wa bara wamejitwalia kibaraza. Ningeweza kusema wananionea. Lakini picha ilikuwa ya kweli.

Na kinachonichoma zaidi: Wakesho alikuwa kitanda cha pili siku ile, ameketi anajisuka nywele. Sikumuuliza. Nilipompa hatimaye picha ile anisomee zile posti, alisoma ya kwanza, akaiweka simu chini. Kisha akaniambia, "Si ungeniuliza tu, Nekesa? Si niko hapa?" Nililia, naye akaniacha nilie.

Kazini kuna mama wa Kinepali anaitwa Sunita, yeye ndiye aliyenifundisha kukagua. Hapa shuka ikikataliwa haitupwi hivi hivi. Inafungwa kikaratasi: doa, tundu, au haijakauka, na jina la aliyeikataa. Zamani nilidhani ni usumbufu. Siku moja niliharakisha, nikarudisha rundo zima bila vikaratasi. Sunita akanirudishia lote. "Nisipojua doa ni la nini," akasema, "nitaosha vilevile, na wewe utakataa vilevile. Tutaonana wabaya bure." Nilikuwa nafunga vikaratasi kwenye shuka za wageni nisiowajua, na watu wa kwetu nawafuta kimya kimya.

Nikampigia Mwadime. Alipokea, nikasema jina langu. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Unajua kile kiliniuma? Si kufutwa. Hata mimi kitu sikielewi naweza kukifuta. Ni kwamba sikujua nimekosea wapi. Nilidhani ni simu. Nikaandika tena. Nikadhani bando zimeisha. Nikaandika tena. Mama yangu amepotea, na mimi nimesimama hapo nang'ang'ana na simu." Nikamwambia nataka aingie awe msimamizi pamoja nami. Akakataa. Siku mbili baadaye akanipigia yeye, na sharti: kila nilichokosea kiwekwe juu kabisa ya kibaraza, mwezi mzima, kila anayeingia akione.

Nikakubali. Niliziweka posti zake tatu, na chini yake ile ya Mjomba pamoja na moyo wangu mwekundu. Nikaandika: "Hizi tatu nilizifuta kwa sababu sikuzielewa. Hii niliiacha kwa sababu niliielewa. Sheria ilikuwa moja. Mimi, Nekesa." Mjomba alinuna, akasema nimemwanika. Nilitukanwa wee, Mama. Matusi ya kunitukana mimi niliyaacha yakae. Ya kutukana kabila la mtu, langu au la mwingine, niliyafuta na nikaandika sababu na jina langu. Siku ya nne mzee mmoja, sijui ni wa wapi, akaandika, "Angalau sasa tunaona." Nilisoma hilo neno mara nyingi kuliko matusi yote.

Sasa tuko wasimamizi wanne, Mwadime na Wakesho wakiwemo. Lugha ya nyumbani inaruhusiwa, mradi uweke Kiswahili chini yake. Usipojua, uombe, tutakutafsiria. Kikifutwa kitu, mahali pake panabaki sababu na jina la aliyefuta, na mwenye posti anaweza kuuliza mbele ya watu wote. Aliyefuta hajiamulii, wanaamua wale wengine. Kazi imekuwa nyingi na kelele hazijaisha. Juzi watu wamebishana siku nzima juu ya tangazo la mbuzi. Lakini wanabishana na majina yetu, si na kivuli.

Na unajua posti ya kwanza Mwadime aliyoifuta? Yangu! Nilimwandikia Nyanya msamaha kwa Kidawida, Wakesho akanisaidia neno kwa neno, jioni nzima. Nikaiweka, nikangoja sifa. Baada ya dakika chache nikakuta: "Imeondolewa na Mwadime. Sababu: haina Kiswahili chini yake. Ongeza, urudishe. Ukiona nimekosea, uliza hapa hapa." Nilikasirika, nisikudanganye tena. Kisha nikacheka hadi Wakesho akatoka bafuni na sabuni usoni. Nikaongeza Kiswahili, nikairudisha. Baadaye Mwadime akanitumia ujumbe pembeni: "Mama nimemsomea. Ameuliza ni nani huyu anaongea kama mtoto mdogo. Amecheka." Nyanya yuko nyumbani Wusi, Mama. Anakaa juani anapukuchua maharagwe, na kifua kimefunguka.

Kwa hivyo hayo yametengenea, au yanatengenea. Limebaki la sokoni, na hilo mimi siliwezi nikiwa huku. Sina kikaratasi cha kufunga kwenye lile gunia.

Nisalimie Baba, mkata mkonge mstaafu, na umwambie redio yake asiipige teke, nitamletea nyingine. Nisalimie Nafula, mdogo wangu na mpelelezi wangu, na Mjomba Wanjala, mwambie kijana wake ninampongeza kwa Kiswahili safari hii. Nisalimie akina mama wa kanisani wanaoniombea.

Mama Mkawasi, jirani yako wa meza, simtumii salamu kupitia kwako, maana ungezifunika kwa leso pamoja na omena. Nakuomba kitu kimoja. Wakesho akimaliza chai, mpeleke kwake, uende naye. Usinitetee. Nilikufanya useme uongo bila kujua, na wewe si mtu wa kusema uongo. Anajua hivyo, na nadhani ndiyo maana aliumia. Mwambie tu, "Binti yangu alinidanganya." Akitaka kunisema, msaidie. Semeni yote, tangu nilipokuwa navunja vikombe vyako. Siku Nafula atakaponiambia kwamba mmeketi pamoja mnanisengenya mimi hadi wateja wanangoja, nitajua gunia limeondoka.

Ni mimi, mwanao anayekupenda na aliyekukosea,

Nekesa