Wiki Tatu Bila Kutupa Hata Punje

Kaka msomi,

Huku tu wazima, ila kitasa cha jikoni kimekufa tena. Ile programu yako ya kupunguza chakula kinachotupwa majumbani imempa mama hongera: wiki tatu hajatupa hata punje. Nawe ukamtumia vigelegele! Kichwa chote hicho, hukujiuliza kwa nini hatupi? Tangu tumzike baba, hapiki. Nilimkuta na kikombe cha chai kavu, gauni linamning'inia.

"Nimpikie nani?" akaniuliza.

Nimehamia kwake. Leo nimempikia, akala vijiko vitano. Kilichobaki nikakimwaga, nikakiandika kwenye programu yako. Ikatukaripia. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Akili ikikurudia, mpigie simu.

Dada yako, mmwaga chakula