Kaunta ya Mama Haikupimwa kwa Mama

Mtunda,
Kibiti,
11 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdulrazaq,

Assalam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi yangu Yasmini na watoto. Mguu wako uliokuwa unavimba umepona? Sisi tunamshukuru Mungu, tunapumua. Masika imenyesha, njia ya kwetu tope tupu, ila mpunga wa shemeji yako Husseini umesimama vizuri mwaka huu.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi za simu. Kwenye simu wewe huambiliki. Likija neno usilolipenda, mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Nimempa Sadallah, anayerudi huko Muscat, akutie mkononi.

Nataka tuzungumzie jiko la mama.

Unakikumbuka kichanja cha jikoni cha marehemu baba? Mama alipoanza kuumwa magoti, akawa hawezi tena kupika amekaa kigodani, baba alileta boriti za mikandaa kutoka delta. Kabla hajakata hata moja, alimsimamisha mama ukutani, akamwambia akunje mkono, akapima kwa kamba kutoka kwenye kiwiko mpaka chini. Mama mfupi, kichanja kikawa kifupi. Sisi tuliomzidi kimo tukikatia samaki pale tulilalamika migongo, naye anacheka: "Hamkupimiwa ninyi."

Halafu zikaja picha zako. Kaunta nyeusi, nyeupe, yenye madoadoa, kumi na moja nilizihesabu. Mama akazitazama zote akakujibu, "Nzuri zote, baba. Chagua wewe." Wewe ukasema mama kachagua graniti nyeusi. Mama hakuchagua kitu, alikustahi tu. Mama gani atamkatalia mwanawe aliye ugenini?

Mwezi wa Shaabani mama akaenda Salale kwenye msiba wa mama mdogo Fatu. Ukanipigia kutwa mara tatu: tumalize kabla hajarudi, tumfurahishe. Fundi Hilari alipofika na futi yake, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwenye jiko yuko wapi? Kaunta haipimwi bila mpishi." Nikamwambia mpishi hayupo, nipime mimi. Akanitazama, akauliza kama mama ana kimo changu. Nikasema tunakaribiana.

Unajua mimi nimerefuka kama baba. Nilisema uongo ule ili simu yako iache kulia. Kosa hilo ni langu, silitupi kwako. Lakini haraka ilikuwa yako.

Na kichanja? Ulisema zile boriti zitupwe, zinatia aibu mbele ya graniti. Hatukuzitupa. Tuliwapikia mafundi ubwabwa. Boriti zilizokaa miaka ishirini na sita, mchwa hajazionja, ziliishia chini ya masufuria mawili, na mimi ndiye niliyechochea moto. Kila nikikumbuka nakosa raha.

Mama akarudi. Akalipapasa jiwe, akasema, "Mashallah, linateleza." Kisha akauliza kichanja kiko wapi. Nikamtengea chai, naye hakuuliza mara ya pili.

Ukitaka kujua jiwe lako linafanya nini, mtazame mama akikanda unga. Linamfika kifuani. Mabega juu, mikono imening'inia, kama mtoto anayechungulia dirishani. Siku mbili mabega yakamuuma, ya tatu akaacha. Maandazi yake ya Ijumaa, ambayo majirani walikuwa wanayafuata mpaka mlangoni, hayapo tena. Sasa napika mimi, na mama yetu anakaa barazani akingoja kuitwa kula, kama mgeni nyumbani kwake. Analeta shukrani kila akimaliza sahani. Heri angenitukana.

Nilimwita Hilari. Akasema inawezekana, atapunguza matofali chini, ila jiwe huenda likapasuka likinyanyuliwa. Mama akakataa katakata. "Msiguse. Abdulrazaq atavunjika moyo. Mpaka aseme mwenyewe."

Tulikwambia mama aliteguka mkono kwa kuteleza uani. Si kweli. Amevunjika, hospitali ya Mchukwi wamemfunga hogo la plasta. Wiki mbili baada ya Idd tulikuwa shamba, akataka atuandalie maandazi kwa siri. Akapanda juu ya ndoo ya rangi ili alifikie jiwe. Ndoo ikapinduka.

Wala hakuipanda siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ile picha ya Idd uliyoomba, mama anacheka kwenye kaunta na kanga mpya, uliyowaonyesha wenzako kazini wakakusifu? Ndoo ileile. Mimi ndiye niliyeikata picha kiunoni kabla ya kukutumia, kwa kuwa mama aliniomba. Leo nimeisafisha nzima pale Kibiti mjini, imo ndani ya bahasha hii. Itazame miguu yake.

Siombi chochote kingine. Mpigie mama, useme neno moja kwa mdomo wako: vunjeni. Jiwe likipasuka, lipasuke. Boriti nyingine Husseini atazitafuta, na safari hii kamba nitaishika mimi, kwenye kiwiko chake.

Nisalimie Yasmini na uwabusu watoto. Mjomba Dadi anakusalimu, na shangazi Mwantumu anasema umemsahau. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe, mama akiwa bado na nguvu ya kukukandia unga.

Mama naye anakusalimu sana. Hajui nimeandika haya. Amekaa hapa pembeni yangu, mkono umefungwa shingoni, ananiambia nisisahau kukwambia kuwa jiko ni zuri, hana analolikosa.

Nduguyo akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Dada Sabra.