Anayegonga Nyuma ya Ukuta

5 Machi

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ya hapa na pale. Mgongo wako vipi?
Nimekabidhiwa kile kiwanda cha sabuni kilicho nyuma ya nyumba yetu. Nakaa hukuhuku makao makuu na kompyuta, napanga tangi lipi lipike mkupuo upi wa sabuni, na mvuke ufunguliwe saa ngapi. Tangi linafuata amri lenyewe. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa majirani.
Mwanao

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo unauma lakini bado naubeba.
Kumbe ni wewe! Nilikuwa najiuliza nani kambadilishia baba yako zamu. Zamani aligonga jioni. Siku hizi anagonga asubuhi, nina mswaki mdomoni. Usicheke. Tangu sabuni ifurike kwenye tangi la tatu ikamchukua, kila wanapoanza kulipika anagonga ukutani: kwanza polepole, kisha kwa hasira, kisha basi. Namwambia, "Nimesikia, mume wangu." Ndiyo maana sihami, hata shangazi yako aseme nini.
Mama yako

28 Machi

Mama, shikamoo.
Sikucheka. Barua yako niliisoma nimesimama.
Mama, ule ni mvuke. Bomba lake, lile linalopita nyuma ya ukuta wako, likipoa kati ya mkupuo na mkupuo, maji hutuama ndani. Mvuke ukifunguliwa ghafla unayasukuma, yanapiga chuma kama nyundo. Nimeunda mfano wa tangi kwenye kompyuta, na kishindo kinatokea palepale unaposema. Bomba linaweza kupasuka. Nitabadilisha programu: maji yatolewe kwanza, mvuke uingie kidogokidogo. Kugonga kutakoma. Nisamehe.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Mvuke naujua, nimefua nguo za mtu wa mvuke nusu ya maisha yangu. Hata kama ni maji, yanagonga mahali alipokuwa anasimama. Niachie agonge mara moja tu. Sikuwahi kumuaga.
Mama yako

6 Aprili

Mama, shikamoo.
Pale aliposimama baba, leo anasimama jamaa mmoja wanamwita Kibiriti. Mkewe ana mimba. Siwezi kuacha, hata hiyo mara moja. Nimeshabadilisha. Nilipobonyeza nilihisi namfungia baba mlango, naye yuko nje.
Mwanao

30 Aprili

Mama, shikamoo.
U mzima? Simu hupokei. Niandikie, hata kama ni kunitukana.
Mwanao

17 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Mwili mzima, usiwe na wasiwasi.
Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Kila asubuhi niliweka sikio ukutani mpaka shavu likafa ganzi. Siku moja nikagonga mimi, kwa mwiko, kisha kwa ngumi. Yule Kibiriti akasikia kutoka kiwandani, akaja mbio. "Mama, kuna nini?" Nikamwambia namtafuta mtu. Akavua kofia, akakaa nami kizingitini. Akanieleza kuwa walipobadilisha bomba walikuta lina ufa, upande anaopenda kuegemea. Alikuwa anacheka, ila kofia aliifinyanga mikononi kama tambara.
Nilikukasirikia, nisikufiche. Sasa naona usingeweza kufanya vingine.
Chumbani sasa nasikia mengi: koki inayodondoka, jirani akimsomea mtoto wake. Na nasikia kwamba baba yako hayupo. Miaka yote hii sikuwa nimelisikia hilo.
Njoo unisaidie kuhamisha kitanda kutoka kwenye ukuta huu. Nimejaribu peke yangu, lakini kila nikishika upande aliolala baba yako, najikuta nimekaa chini.
Mama yako