Redio ya Binti Yetu Inakatika Kila Alasiri

Mpendwa Bibi Noro, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, na nikikuchosha univumilie, maana shida yangu ni ya simu lakini si ya simu peke yake.

Mimi ni wa hapa Antsirabe, mume wangu Ranaivo huchonga vijiko na vitana vya pembe za ng'ombe kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na binti yetu wa pekee, Mialy, yuko kisiwani Reunion mwaka wa tatu sasa, tangu alipoacha masomo ya uuguzi akaenda kutangaza kwenye redio ya intaneti ya Wamalagasi wa huko, na siku aliyoondoka baba yake alisema, "Jina lake nisilisikie tena chini ya paa hili," nami kwa kutafuta amani nikanyamaza. Lakini kila alasiri, wali ukishaliwa na ukungu ukianza kushuka juu ya mashamba, najitanda shuka langu la lamba, nakaa dirishani, naweka simu sikioni, na sauti ya Mialy inakuja kama inatoka chini ya maji, hata sijui tena kama niko macho, namwona mdogo, nywele mbichi, ananiimbia jikoni, halafu, Bibi Noro, inakatika! Kiduara kinazunguka, kinazunguka, naambulia neno moja, kimya, neno jingine, kimya. Nimezima simu nikaiwasha, nimefuta programu nikaiweka upya, fundi kaniambia, "Mama, simu yako haina ugonjwa," na kweli siku Ranaivo akienda sokoni redio inatiririka kama mto, nami sikujiuliza kwa nini.

Juzi Mialy alitangaza kwamba kipindi chake kinafungwa mwisho wa mwezi, kisha akasema, "Mama yangu alikuwa na desturi ya..." ikakatika. Nikatoka uani nimeinua simu juu natafuta mtandao, nikapita karibu na kibanda, na nyuma ya mbao nikasikia sauti ileile ikisema, "Mama yangu alikuwa na desturi ya kuzungumza na moto akipika." Nikachungulia. Ranaivo alikuwa ameweka simu yake ndani ya bakuli la bati ili isikike vizuri, kijiko kimelala mkononi nusu kimechongwa, macho amefumba, vumbi jeupe la pembe limemkaa kwenye kope, anatabasamu.

Nikarudi kwa ncha za vidole. Usiku ule mezani akasema, "Mtandao wa siku hizi ni mbovu sana." Nikacheka.

"Unacheka nini, mama wee?"

"Chumvi imezidi."

"Mbona mboga haina chumvi kabisa?"

Sasa nifanye nini? Nikimwambia nimemjua, ataona haya na ataacha kusikiliza, nami nitakuwa nimemnyang'anya furaha yake. Nikinyamaza, mwezi utaisha na sauti itapotea.

Mama Mialy, Antsirabe

*

Mama Mialy, umenitoa machozi, sasa nisikilize.

Tuanze na redio. Simu mbili zinavuta matangazo yaleyale kwenye kisanduku kimoja cha intaneti chenye nguvu ya kubahatisha, basi mnakabana koo, wewe dirishani, yeye kibandani. Kila simu hujiwekea akiba kidogo ya sauti kabla ya kuitoa, ndiyo maana yake ilikuwa nyuma ya yako. Ingia kwenye programu, punguza ubora wa sauti. Kisanduku kiondoe nyuma ya kabati, kiweke juu, mbali na mabati. Dawa kubwa kuliko hizo ni kusikiliza kwa simu moja.

Na hapo ndipo ninapokukemea. Watu wazima wawili, nyumba moja, mnajificha kama wezi wa kuku kumsikiliza mtoto wenu wenyewe! Usimfumanie mzee wa watu, wala usimwambie ulichokiona. Kesho kipindi kikikaribia, mpelekee kikombe cha ranovola ya moto, yale maji ya ukoko wa wali, mwonyeshe simu yako, useme, "Yangu inakatika. Naomba nisikilize kwenye yako." Kisha kaa. Wasikilizaji hupewa namba ya studio. Mpigieni mtoto, mkiwa wawili.

Jibu hili nilimtumia Mama Mialy kwa simu, kwa kuwa mwezi ulikuwa ukingoni. Jumatatu aliniandikia. Anasema Ranaivo hakuinua uso. Alisogea tu kwenye benchi, akapangusa vumbi mahali pa kukaa, akasema, "Fanya upesi, anaanza." Alhamisi iliyopita, kipindi kikiwa hewani, wakapiga. Mama akasalimia, akampa mzee simu. Mzee akakohoa, akakohoa tena, mwisho akauliza, "Umekula?"

"Bado, Baba."

"Saa hizi? Nani anakupikia huko?"

Redio nzima ikawa kimya kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ninyi wote mlioniandikia wiki hii kulalamika kwamba matangazo ya Reunion yalikatika Alhamisi alasiri: simu zenu ni nzima. Msifute chochote, wala msizipeleke kwa fundi.

Bibi Noro