Madoa ya Kijani kwenye Kidau cha Mfalme

Kaka yangu Wenbo,

Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na vitabu havijakumaliza macho. Sisi hapa Jingdezhen hatujambo, ila baba na kifua chake kilekile, na mama na mdomo wake uleule. Mume wangu Dashun anakusalimu. Herufi hizi ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo zikipinda usinicheke.

Kaka, kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Kaa!

Unajua kwamba ikulu ilituagiza kidau cha kuoshea brashi, cha meza ya kuandikia ya Mfalme mwenyewe, kidogo cha kuenea kiganjani, chekundu. Na wekundu huo hutokana na shaba, unavijua visa vyake: moto ukizidi kidogo unakimbia, ukipungua unageuka rangi ya ini bovu. Tulichoma mara ya kwanza tukaaibika, ya pili vilevile. Msimamizi, Bwana Shen, akamwambia baba waziwazi kwamba safari hii ikiharibika tena, kazi inakwenda kwa ukoo wa Fu, nasi tukafinyange mitungi ya achari. Mama alilia mpaka supu ikaungua.

Siku ya kufungua tanuri sisi wanawake tulibaki nyuma ya ukuta, maana mungu wa tanuri hataki kutuona. Lakini ukuta una ufa, na mimi nina macho. Baba alichinja jogoo, akachoma ubani, wakaanza kutoa makasha ya udongo, kila moja na kidau chake ndani. La kwanza kufunguliwa, kidau cheusi. Lililofuata, kijivu. Mzee Fu, aliyekuja eti kutupa pole, akawa anasema kwa sauti kwamba rafiki yake apumzike sasa, mapafu nayo huzeeka. Mama akaninong'oneza kwamba pole hiyo akampe mama yake.

Likaja kasha la mwisho. Chekundu, kaka! Wekundu laini unaoyeyukia machoni, na ubavuni madoa ya kijani kama kuvu juu ya jiwe la mtoni.

Baba alipoyaona madoa, uso ukamshuka. Sheria unaijua, kazi ya ikulu ikitoka na dosari huvunjwa papo hapo, mtu wa kawaida asije akaitumia. Akaishika nyundo mwenyewe, hakutaka mwingine amvunjie. Alipoinyanyua, mimi nikapiga ukelele. Mwanamke, penye tanuri! Watu wote wakageuka, baba naye akageuka na nyundo yake hewani, na Bwana Shen akakiwahi kile kidau akakipeleka juani. Akakizungusha pande zote. Mara akaangua kicheko, akasema dosari gani, hili ni tunda la pichi linaloivia mtini, huku tayari, huku bado. Akamwonya baba kwamba akilivunja, yeye atamvunja mkono. Mzee Fu akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni nyumbani.

Tulirukaruka kama wehu. Mama alimpiga Dashun mgongoni kwa furaha mpaka akakohoa. Kidau kikaenda Beijing, na jibu limeshakuja: Mfalme amekipenda, anataka vyombo vya meza nzima, vyote na madoa yaleyale!

Sasa nisome taratibu. Siku ya kupuliza rangi kwa mrija juu ya vidau, kifua kilimbana baba kikabaki kidau kimoja, hichohicho cha madoa, naye akaenda kulala. Alipoamka akakikuta tayari, tukamwambia Dashun ndiye aliyekipuliza. Basi lilipokuja agizo hili jipya, baba akampa Dashun mrija wa mwanzi mbele yetu, akamwambia haya, mkwe wangu, tuonyeshe. Maskini Dashun! Akapuliza, rangi ikatiririka kama kamasi za mtoto. Baba akauliza huyo aliyepuliza kidau kile yuko wapi, na nyumba nzima ikaniangalia mimi.

Ndiyo, kaka, ni mimi. Nikamweleza baba kwamba tangu utotoni nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye bakuli zilizopasuka, na rangi yangu ilikuwa ikikaa sawasawa. Ila siku hiyo, sijui kwa nini, pumzi ilikuwa ikinikatika kila mara, ndiyo maana rangi ikawa nene huku, nyembamba kule. Mama akanitazama juu hadi chini, akaniuliza ni tangu lini sivumilii harufu ya samaki.

Naona haya kukuandikia hivi wewe kaka yangu, lakini ndiyo hivyo, nina mimba. Mimi niliyeambiwa na kila mganga kwamba nisahau!

Baba alikaa chini. Akafikiri: Mfalme anataka madoa, madoa yanatoka kwa pumzi hii, na pumzi hii itaisha mtoto akizaliwa. Na ikijulikana kwamba mwanamke ndiye anayepuliza vyombo vya ikulu, ni shingo zetu. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akakishika kidau kipya kwa mikono yake miwili mbele yangu ili nipulize. Akaniambia nisikimbilie, nipumue kwa raha zangu, mjukuu wake ameshaingia kazini.

Tuombee mikono na pumzi, kaka. Mama anasema uvae soksi. Baba amefuta macho nilipomwambia nakuandikia wewe.

Wako wakupendao,
mdogo wako Caiping, na mwenzangu ambaye bado hana jina