Meli Uliyoiacha Bila Macho

Papa wangu,

Meli yako ya kuchonga bado iko juu ya friji hapa mtaani kwetu West Side, ulipoiweka mwenyewe. Kaka anapiga simu kila wiki kutoka Louisville, anaitaka. Jumamosi atakuja kuichukua, akipitia Columbus kumsalimia shangazi. Kabla hajaibeba, nina jambo la kuungama kwako.

Unakumbuka kile kitabu cha picha tulichoazima maktaba? Kila Jumapili baada ya ibada ulikifungua mezani, nami nikakusomea Kiingereza na kukutafsiria. Kilihusu meli moja kuukuu ya matanga, ya Wachina. Ilibeba mbao, ikabeba chumvi, ikabeba samaki wakavu. Tanga likichanika lilitiwa kiraka. Ubao ukioza ulitolewa, ukawekwa mwingine. Uzeeni wakaikata mlingoti, wakaitia injini, ikabeba mawe. Hapo ulicheka, ukaigusa meli pichani.

"Iyi bato ni mimi," ulisema. "Walinikata mlingoti, bon, lakini niko natumika tu."

Kule kwetu Uvira ulikuwa seremala, kwenye kambi ya wakimbizi ukatengeneza vitanda na majeneza, na huku Marekani ukafunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Meli uliichonga kwa mbao za paleti, zile za kupangia mizigo, majira mawili ya baridi.

Yakabaki macho ya kuchora. Pichani yalikuwa mawili, meupe yenye mboni nyeusi, mbele kabisa. Ukaniuliza ni ya nini. Nikajibu kwamba ni uganga, na wamama wa kikundi cha maombi wakiyaona watasema nini?

Uliweka brashi chini. "Sawa, mama," ukasema, kama ulivyozoea kuniita, na hukuuliza tena.

Papa, kitabu hakikusema uganga. Kilisema mabaharia huchora macho mwisho, ili meli ione njia ya kurudi nyumbani. Niliiona sentensi hiyo nikairuka. Niliogopa maneno ya watu, na wewe uliniamini kila neno. Inaniuma mpaka leo.

Juzi nilikiazima tena kitabu, nikayachora. Sina mkono wako. Jicho la kushoto limekaa juu kidogo. Jana wamama walikuja kwa maombi, mmoja akauliza macho hayo ni ya nini. Nikafungua ukurasa, nikamsomea yote, nilivyopaswa kukusomea wewe.

Pumzika, Papa. Ulitumika sana.

Binti yako