Kikwembe Chenye Nusu ya Maneno Yako

Baba Furaha, muzee wangu,

Nakusalimia huko uliko. Mimi sikusoma, unajua, mujukuu wetu Rehema ndiye anaandika.

Siku hizi umekuwa mutu wa wote. Ulipokuwa muzima, kanoni wa Anglikana, pasta mwenye viatu pea moja, hakuna mukubwa aliyejua mulango wetu hapa Ndosho. Umekufa, sasa kila mutu anasema alisoma kwako. Hata yule jirani aliyekuwa anasinzia ukianza tu kuhubiri.

Askofu alikuja na watu wa serikali. Wanataka ibada ya kukukumbuka. Wakaniletea kikwembe, kitenge cha kushona nguo, sura yako imechapwa mbele na nyuma. Masikio wamekuongezea, lakini ni wewe. Chini wameandika: "Heshimuni wakubwa."

Nikauliza, "Na maneno yenye kubakia?"

"Mama, kitambaa kilikuwa kidogo."

Kitambaa cha kuvalisha kwaya tatu, muzee wangu.

Wewe ulisema: "Heshimuni wakubwa, lakini musiwaogope." Nakumbuka namna maneno hayo yalitoka. Nilikuwa nachagua maharagi, yale ya Masisi, si haya ya sasa yasiyoiva, shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, akapiga hodi kukuita kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha barabara. Haukuenda. Wewe, mwalimu wa mapasta, ukaingia nyuma ya pazia: "Mama Furaha, sema sipo." Miguu yako ilikuwa inaonekana. Shefu akasalimia miguu, akaenda zake. Tulicheka mupaka nikamwanga maharagi. Siku ya Mungu ukapanda kuhubiri ile neno. Watu wakafikiri unaambia serikali. Mimi nilijua unajiambia mwenyewe.

Basi, ibada ikafika. Wakanipanga mbele, karibu na mukubwa wa serikali. Kila mutu amekuvaa. Wamama wakikaa, wanakukalia. Mimi nikabakia wima.

Mutu wa protokole akaninongoneza, "Mama muzee, kaa."

"Nitamukalia aje bwana yangu?"

Sasa mujane amesimama, askofu atakaa? Askofu akasimama. Mukubwa naye akasimama. Ile hotuba yake ndefu, akaruka makaratasi mengi.

Kisha wakanipa mikro niseme asante. Na pale hakuna pazia la kujificha. Nikasema: "Asante kwa kikwembe. Bwana yangu alisema tuheshimu wakubwa, lakini tusiwaogope. Mumesahau kipande." Askofu akakohoa. Mukubwa akainamia shati lake, akasoma, kama ndio mara ya kwanza.

Kesho yake wapinzani wa serikali wakaja, hata chai sijachemsha. "Mama, umesema vizuri. Sisi ndio watoto wa kweli wa muzee." Wakakunjua kikwembe chao. Sura yako tena, sasa na masikio madogo. Chini: "Musiwaogope."

Nikawauliza kama na kitambaa chao kilikuwa kidogo.

Nimepeleka vyote viwili kwa fundi wa kushona wa Murara, ameunganisha maneno yako kwenye mustari moja. Askofu amesikia, ametuma mutu kuniambia nifikirie amani ya kanisa. Wapinzani nao wamenuna. Siku ya Mungu nitakivaa, nitapita katikati yao wote mupaka kwenye benchi yangu. Naogopa, Baba Furaha, sikufichi. Lakini nitaenda.

Ulale vizuri, muzee wangu.

Ni miye muke wako,
Mama Furaha